Kukata tiketi ya ndege kwa maili: tafuta kiti kwanza, maili zifuate

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai kufuata mzigo, mwanafunzi anayesoma Uturuki, shangazi anayetoka Toronto kuja harusini Mombasa: wote hawa wanalipa nauli ambayo ndani yake tayari kuna maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humpa mwanachama wake na ambazo baadaye zinaweza kulipia tiketi. Wengi hawajawahi kuandika namba ya uanachama popote, kwa hiyo maili zao zimepotea hivihivi. Wachache wanazo, tena nyingi, lakini kila wakijaribu kuzitumia wanaambiwa siku hiyo hakuna nafasi. Mwisho wanazibadilisha kwa begi au blenda kwenye duka la shirika na kutangaza kwamba maili ni danganya toto.

Si danganya toto. Ila kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi: maili zinapatikana, kiti ndicho adimu. Kila shirika hutenga viti vichache katika kila ndege kwa ajili ya wanaolipa kwa maili, na huviongeza au kuvipunguza kadiri tiketi za fedha zinavyouzika. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Tunaanza na safari na kiti, halafu tunarudi kwenye maili.

Kwanza, fahamu unachokishika

Programu ya AAdvantage, yaani mpango wa wanachama wa American Airlines, ilianza Mei 1, 1981, na wakati huo maili ilikuwa maili kweli: umbali uliosafiri. Siku hizi jina limebaki, maana imehama. Flying Blue, programu ya Air France na KLM, tangu Aprili 2018 inahesabu kwa euro ulizotumia kwenye tiketi. Emirates wanaangalia njia, daraja na aina ya nauli uliyonunua. Kwa hiyo watu wawili waliokaa viti vya jirani katika ndege moja wanaweza kutoka na maili tofauti kabisa.

Fahamu pia kwamba maili ni sarafu inayotolewa na shirika lenyewe, na shirika hilohilo ndilo linalopanga bei. Likitaka kiti cha maili 30,000 kiwe cha 40,000, halikuombi ruhusa. Maili si shamba la kurithisha watoto. Anayezilimbikiza miaka kumi akisubiri safari ya ndoto anazidi kupungukiwa kila bei inapopandishwa.

Safari gani, kwa nani, lini

Kabla ya kujiunga na chochote, andika safari unayoitaka: kutoka wapi kwenda wapi, miezi gani, watu wangapi, na kama unaweza kusogeza tarehe kwa wiki moja mbele au nyuma. Asiyeweza kusogeza tarehe hata kwa siku mbili, na anasafiri na familia ya watu watano Desemba 20, namwambia mapema anunue tiketi ya kawaida. Maili zinamfaa mwenye nafasi ya kuzungukazunguka.

Kisha angalia mashirika yanayopita njia hiyo yako kwenye muungano upi, yaani kundi lipi la mashirika yanayoshirikiana. Hapa ndipo penye siri ya jambo zima: maili za shirika moja zinaweza kukata tiketi ya shirika jingine lililo mshirika wake.

Kwa Afrika Mashariki na nchi za jirani, Star Alliance ndio wenye njia nyingi zaidi. Ethiopian Airlines waliingia mwaka 2011 na programu yao ni ShebaMiles. Wanafika Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali, Bujumbura, Kinshasa na Lubumbashi. Ndani ya muungano huohuo wamo Turkish Airlines wenye Miles&Smiles, Brussels Airlines wanaojulikana sana na watu wa Bujumbura, Kigali na Kinshasa, na pia Lufthansa, EgyptAir, United na Air Canada.

SkyTeam wana Kenya Airways, walioingia mwaka 2010, pamoja na KLM, Air France, Delta, Saudia na, tangu 2023, Virgin Atlantic. Kwa miaka mingi abiria wa Kenya Airways walikusanya maili zao kwenye Flying Blue. Sasa shirika lina programu yake, Asante Rewards. Mwenye maili za zamani za Flying Blue asidhani zimepoteza kazi: bado zinaweza kukata kiti cha Kenya Airways kama mshirika, au cha KLM kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro, Nairobi na Entebbe.

Oneworld wana Qatar Airways, British Airways, American Airlines, Royal Air Maroc na, tangu katikati ya 2025, Oman Air. Ndugu zetu wa Muscat wenye maili za Sindbad wamefunguliwa mlango ambao haukuwepo.

Emirates hawamo katika muungano wowote. Maili zao za Skywards hutumika zaidi kwenye ndege zao wenyewe na za flydubai, na flydubai si haba kwa watu wa pwani, maana wanafika Zanzibar na Mombasa pia.

Programu gani basi? Hakuna jibu la wote, lakini maoni yangu ni haya. Anayekwenda Dubai mara kwa mara na hana mpango wa kwenda kwingine, Skywards inamtosha, asijisumbue na hesabu za miungano. Anayeruka mara mbili tatu kwa mwaka na mashirika mbalimbali achague muungano mmoja, na ndani yake programu moja, kila safari iingie humo. Maili 8,000 hapa, 6,000 pale na 11,000 kule hazikati tiketi hata ya kwenda Entebbe.

Aliyeko Marekani au Kanada yuko kwenye dunia nyingine kabisa, kwa sababu kule kadi za benki ndizo zinazozaa pointi, si ndege. Pointi za Chase, American Express, Capital One na Citi huhamishiwa kwenye programu za ndege. Kwa safari ya nyumbani, mbili nazipa kipaumbele: Aeroplan ya Air Canada, inayokata tiketi za Ethiopian kupitia Addis Ababa, na Flying Blue kwa KLM, Air France na Kenya Airways.

Aliyeko Uingereza atakutana na Avios. Hizi ni pointi za British Airways, Iberia, Aer Lingus, Finnair na, tangu Machi 2022, Qatar Airways. Ukishaunganisha akaunti zako, unaweza kuzihamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine bila kupunguzwa. Umuhimu wake ni kwamba kiti kilekile kinaweza kuonyeshwa kwa bei tofauti au ada tofauti kwenye tovuti mbili. Angalia zote kabla ya kulipa.

Kujiunga

Ni bure na ni dakika tano. Kuna jambo moja tu la kuwa nalo makini, nalo linawasumbua sana watu wetu: jina. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mohamed, usiandike Muhammad. Kama pasipoti ina majina matatu, angalia namna programu inavyotaka jina la kati. Jina la akaunti lisipolingana na la tiketi, maili haziingii, na kulirekebisha baadaye kunadai barua pepe, picha ya pasipoti na subira.

Weka tarehe sahihi ya kuzaliwa, namba ya simu utakayokaa nayo, na nywila usiyoitumia kwingine. Akaunti za maili huibwa kama akaunti za benki, tena mwenyewe huchelewa kujua kwa sababu haingii kila siku.

Kuhakikisha maili zinaingia

Andika namba ya uanachama wakati wa kukata tiketi. Ukinunua kwa wakala, mpe namba na umwambie aiingize. Ukisahau, ioneshe kaunta siku ya safari. Ukisahau hata hapo, tunza boding pasi na tiketi, kisha ingia kwenye akaunti utafute sehemu ya kudai maili zilizokosekana. Muda wa kudai una kikomo, mara nyingi ni miezi sita hivi. Boding pasi ipigwe picha kabla haijatupwa kwenye kiti cha teksi.

Kwenye tiketi kuna herufi moja karibu na namba ya ndege: Y, M, K, Q, T na kadhalika. Hiyo si namba ya kiti, ni herufi ya nauli, na ndiyo inayoamua utapata maili ngapi ukiziweka kwenye programu ya shirika mshirika. Nauli za chini kabisa wakati mwingine huleta robo tu ya umbali, au sifuri. Kila programu ina jedwali la washirika linaloonyesha herufi na asilimia zake. Dakika tatu za kulisoma kabla ya kununua zinaweza kuamua safari ya maili elfu tano iingie wapi.

Kuhusu kununua maili kutoka kwa shirika lenyewe: bei ya kawaida huwa haina maana. Nunua tu unapopungukiwa kidogo ili ufikie tiketi uliyokwisha kuiona, na ikiwezekana wakati wa punguzo. Kununua maili kwa matumaini ya baadaye ni kulikopesha shirika la ndege bila riba.

Kutafuta kiti: hapa ndipo kazi ilipo

Kanuni ya kwanza kwa wenye pointi za benki: usihamishe hata pointi moja kabla hujakiona kiti. Pointi zikishatoka benki kwenda kwenye programu ya ndege hazirudi. Watu wamehamisha laki moja kisha wakakuta kiti kimeondoka, wakabaki na maili za shirika wasilolihitaji.

Anza kwenye tovuti ya programu utakayotumia. Ingia kwenye akaunti, chagua kulipa kwa maili, na mara ya kwanza tafuta kiti cha mtu mmoja, safari ya kwenda tu. Usitafute kwenda na kurudi kwa pamoja. Programu nyingi zinapanga bei kwa upande mmoja mmoja, kwa hiyo unaweza kwenda kwa programu moja na kurudi kwa nyingine. Vilevile ukitafuta viti vinne wakati vipo vitatu, mtandao unaweza kukuambia hakuna kabisa, au ukavihesabu vyote vinne kwa bei ya juu. Anza na kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, ujue mwisho uko wapi.

Ikiwa safari ina ndege mbili au tatu, ikate vipande. Tuseme unatoka Washington kwenda Kilimanjaro. Tafuta kwanza Washington hadi Addis Ababa peke yake, maana safari ndefu ndiyo yenye viti vichache. Ukiona siku zenye kiti, tafuta Addis Ababa hadi Kilimanjaro siku hiyo na kesho yake. Vipande vyote viwili vikiwepo, rudi utafute safari nzima kwa pamoja. Isipotokea, pigia simu kituo cha huduma uwape namba za ndege na tarehe. Mtu wa simu mara nyingine anaunganisha kile ambacho tovuti imeshindwa. Kumbuka pia kwamba wakati mwingine vipande viwili vipo lakini mfumo unakataa kuviuza pamoja. Hapo hakuna la kubishana, sogea tarehe nyingine.

Kwa Star Alliance, tovuti za United na Aeroplan zinaonyesha vizuri viti vya washirika, na huhitaji kuwa na maili zao ili kutazama. Kwa SkyTeam tumia Flying Blue. Kwa oneworld tumia Qatar Airways au British Airways. Kuna pia tovuti kama seats.aero zinazokusanya viti vya programu nyingi mahali pamoja. Zinaokoa muda, lakini zichukulie kama tetesi mpaka kiti ukione kwenye tovuti ya programu yenyewe. Hata huko kuna viti hewa: vinaonekana, unabofya, unafika hatua ya kulipa, vinayeyuka. Ndiyo maana nasema kikague sehemu mbili kabla ya kuhamisha pointi.

Na usishangae ukikuta shirika linawapa wanachama wake viti ambavyo washirika hawavioni. Ndivyo ilivyo kila mahali.

Sasa wakati. Viti huwekwa sokoni takriban miezi kumi na moja hadi kumi na mbili kabla ya safari. Wakati mzuri wa kwanza ni hapo vinapofunguliwa. Wa pili ni wiki mbili za mwisho, shirika linapoona ndege haijajaa. Katikati ni bahati. Kwa njia za kuja kwetu, Desemba ni balaa, na Juni hadi Agosti watalii wa Serengeti na Zanzibar wanagombania viti na wana diaspora wanaoleta watoto likizo. Siku za kuzunguka Idi na msimu wa Hija nazo hubana ndege za Ghuba na Jeddah. Wakati wa masika, Aprili na Mei, hali hubadilika kabisa, na Novemba pia huwa tulivu. Kama watoto hawako shuleni na mvua haikutishi, masika ndiyo msimu wa maili.

Tumia pia viwanja vya jirani. Aliyekosa Dar es Salaam ajaribu Zanzibar avuke kwa boti, saa mbili hivi. Wa Arusha na Moshi waangalie Kilimanjaro na Nairobi kwa pamoja, maana barabara ya Namanga ipo. Wa Mombasa wana treni ya kwenda Nairobi. Kiti kilichokosekana Kilimanjaro kinaweza kupatikana tele Nairobi siku hiyohiyo.

Wenye Flying Blue waangalie pia ofa za mwezi zinazoitwa Promo Rewards, ambapo njia fulani hupunguzwa, mara nyingi kwa asilimia 25 au zaidi. Afrika haimo kila mwezi, lakini huwa imo. Programu hiyohiyo inaruhusu kusimama njiani bila maili za ziada, yaani unaweza kukaa Amsterdam au Paris siku kadhaa kisha ukaendelea. Aeroplan nao wanaruhusu kituo cha njiani kwa pointi 5,000, kwa hiyo siku chache Addis Ababa zinawezekana ndani ya tiketi ileile.

Tiketi ya bure ina bei

Maili hulipa nauli. Kodi na ada unalipa mwenyewe, na zinaweza kuwa ndogo kama nauli ya basi la mkoani au kubwa kiasi cha kukufanya ufunge kompyuta.

Zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kodi za serikali na ada za viwanja, ambazo karibu hazikwepeki. Nzito kuliko zote kwa njia zetu ni ya Uingereza, Air Passenger Duty, inayotozwa anayeanza safari kule. Kwa safari ya London kwenda Nairobi ni zaidi ya pauni 80 kwa daraja la kawaida na zaidi ya mara mbili yake kwa madaraja ya juu. Watoto walio chini ya miaka 16 wanaokaa daraja la kawaida wamesamehewa, jambo zuri kwa familia. Anayekuja Uingereza kutoka Nairobi haitozwi wakati wa kuja, ila wakati wa kuondoka.

Fungu la pili ni ada ya shirika, ambayo wengi huiita ada ya mafuta ingawa bei ya mafuta ikishuka yenyewe haishuki. Hii inategemea zaidi programu unayotumia kuliko ndege unayopanda. British Airways na Emirates wanajulikana kwa ada kubwa. Aeroplan waliiondoa mwaka 2020, United hawaitozi kwenye tiketi zao za maili, na LifeMiles ya Avianca vivyo hivyo. Unaweza basi kukaa kwenye ndege ileile, kiti kilekile, na ukalipa dola 80 au dola 400 kulingana na maili za nani ulizotumia. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua programu kwa kuangalia safari, si kwa kuangalia tangazo.

Kisha piga hesabu. Tuseme Nairobi hadi Amsterdam, kwenda na kurudi, inauzwa dola 900. Kwa maili wanataka 50,000 na dola 300 za kodi na ada. Toa 300 kwenye 900, inabaki 600. Gawanya kwa 50,000: kila maili imekununulia senti 1.2 ya dola. Ikiwa jibu liko chini ya senti moja, mimi nalipa fedha na kutunza maili, maana tiketi ya fedha nayo inaleta maili mpya. Likiwa senti moja na nusu au zaidi, sifikirii mara mbili. Katikati, naangalia mfuko: mwenye shida ya fedha taslimu mwezi huo ana haki ya kutumia maili hata hesabu isipopendeza.

Kuna wanaosema daraja la biashara ndilo pekee lenye faida, kwamba maili moja inafika senti tano. Hesabu yao ni sahihi kwenye karatasi. Lakini kama usingetoa dola 3,500 za mfukoni kwa kiti hicho, hukuokoa dola 3,500. Mama mwenye umri wa miaka sabini na magoti yanayouma, anayetoka Dar es Salaam kwenda kumwona mjukuu Houston, kwake kiti cha kulala kina thamani isiyohitaji kikokotoo. Kijana wa miaka ishirini na tano akunje miguu, atumie maili hizo kwenda mara mbili.

Kabla ya kubofya kulipa

Angalia visa za kupita njiani. Tiketi ya maili mara nyingi inapita njia ya ajabu, na hapo wengi hukwama. Uingereza inawataka raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wawe na visa ya kupita hata kama hawatoki nje ya uwanja, isipokuwa wachache wenye vibali kama visa halali ya Marekani. Kwa nchi za Schengen, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wamo kwenye orodha ya wanaohitaji visa ya uwanja. Kiti cha bei poa kupitia London hakina faida ukizuiwa kaunta ya Entebbe.

Angalia mzigo. Tiketi ya maili ina kanuni zake za mabegi, na shirika linalorusha ndege ndefu kwa kawaida ndilo linaloamua. Ukiunganisha kwa tiketi mbili tofauti, shirika la pili halikujui na wala halina wajibu wa kukusubiri ukichelewa. Acha saa nyingi katikati, au lala usiku mmoja.

Angalia ni nani unayeweza kumkatia. Flying Blue wanakuruhusu kumkatia mtu yeyote. Programu nyingine, kama KrisFlyer ya Singapore Airlines, zinataka kwanza uandikishe majina ya watu wachache. Mtoto mchanga anayepakatwa anaweza kutozwa asilimia ya nauli ya fedha, na kwenye daraja la biashara asilimia hiyo si ndogo. Uliza kwanza. Programu kadhaa, zikiwemo za Emirates na Flying Blue, zinaruhusu familia kuchanga maili kwenye mfuko mmoja. Hiyo ndiyo njia halali ya kuunganisha vijisenti vya baba, mama na watoto.

Kodi hulipwa kwa kadi. Visa na Mastercard za kawaida za benki zinakubalika, lakini hakikisha benki imefungua malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kwa Kenya, kadi ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi hiyo kwenye tovuti nyingi. Usisubiri mpaka kiti kiko kwenye skrini ndipo uanze kupiga simu benki.

Wanaouza maili WhatsApp

Utawaona: “Dar–London nusu bei, tunatumia maili.” Karibu programu zote zinakataza maili kuuzwa kati ya watu. Baadhi ya hizo zinazouzwa zimetoka kwenye akaunti zilizoibwa. Mwenye akaunti akigundua, tiketi hufutwa, pengine wewe uko tayari kwenye foleni ya kaunta au, vibaya zaidi, uko nusu ya safari. Fedha ulizotuma kwa simu hazirudi na muuzaji amebadili namba. Kama ni ndugu yako wa damu aliye na maili na anataka kukukatia, hilo ni jambo jingine, na akate mwenyewe akiwa ndani ya akaunti yake.

Zinavyokufa

Skywards huishi miaka mitatu na hufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Miles&Smiles nazo ni miaka mitatu. Avios hufa akaunti ikikaa miezi 36 bila harakati yoyote, kwa hiyo safari ndogo au muamala mdogo unazihuisha. Flying Blue hutoa miezi 24. Za United, Delta na Virgin Atlantic hazina tarehe ya kufa. Weka kumbusho kwenye simu miezi minne kabla, si wiki moja, kwa sababu kiti hakipatikani kwa haraka ya mtu mwenye maili zinazokata roho.

Baada ya kukata

Barua pepe ya uthibitisho ikifika, usitosheke na zile herufi sita za bukingi. Tafuta namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Tarakimu tatu za mwanzo zinamtaja aliyeitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 074 KLM, 176 Emirates, 157 Qatar, 235 Turkish, 014 Air Canada. Bukingi bila namba ya tiketi ni kiti kilichoshikwa tu, na kinaweza kuachiwa. Ikipita siku nzima hujaiona, piga simu.

Namba hiyo ina kazi nyingine. Ukiwa umekata kwa Aeroplan safari ya Ethiopian, tiketi yako inaanza na 014, na mabadiliko yote kabla ya siku ya safari yanafanywa na Aeroplan. Ofisi ya Ethiopian mjini itakuelekeza huko, na haikosei. Lakini chukua pia namba ya bukingi ya upande wa Ethiopian, ambayo huwa tofauti, ili uweze kuchagua kiti na chakula kwenye tovuti yao.

Ingia kuangalia tiketi kila wiki chache. Ratiba hubadilishwa, na ndege ya kuunganisha iliyokuwa na saa tatu katikati inaweza kubaki na dakika arobaini. Shirika likibadili ratiba sana, una nguvu ya kuomba tarehe au ndege nyingine bila kulipa, hata ile ambayo mwanzo haikuwa na kiti cha maili. Usibofye “nakubali” haraka. Tazama kwanza ni ndege gani ungeipenda zaidi, andika namba yake, ndipo upige simu.

Na ukiahirisha mwenyewe, maili kwa kawaida hurudi kwenye akaunti ukilipa ada. United hawatozi kuzirudisha, Flying Blue hutoza euro 70 kwa tiketi za kawaida za maili. Sharti ni kufuta kabla ndege haijaondoka. Asiyetokea bila kufuta anaweza kupoteza maili zote, kwa hiyo hata ukiwa kwenye foleni ya Ubungo saa moja kabla ya ndege na umeshaona hutafika, fungua simu ufute.